Pete Yenye Mshale wa Kaskazini

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Mchana kwa shemeji. Chakula kizuri, maneno mabaya. Shemeji ni kaka wa mke wangu, muuza vigae, na kwa miaka thelathini na mitano hajanisamehe kwa kumchukua dada yake. Leo mkewe kavaa pete mpya. Jiwe kama kitasa cha mlango! Alikuwa akipitisha bakuli kwa mkono uleule kila mara, hata bakuli lilipokuwa tupu.

Mgeni mmoja akamwuliza mke wangu mbona yeye kidole kitupu. Mke wangu akacheka. Akasema kidole kimenenepa, pete imekataa, iko kabatini inapumzika. Shemeji akadakia: ile haikuwa pete, ilikuwa punje ya chumvi, huenda hata imeshayeyuka. Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, kwa adabu tu.

Lakini nilimwona mke wangu akiuficha mkono wa kushoto chini ya mkoba. Hakuutoa mpaka tulipoaga.

Punje ya chumvi! Kwa ajili ya punje ile niliuza baiskeli, nikawa natembea kwa miguu kwenda kupima mashamba ya watu miezi kumi na mmoja. Nakumbuka siku nilipomvisha. Ngazi za posta. Mvua ndiyo kwanza imekatika. Kavaa gauni la njano alilolishona mwenyewe. Aliuinua mkono juani, akaugeuza huku na huku, akasema, "Kumbe linawaka!" Watu wakageuka kututazama. Miaka mitatu sasa sijaiona pete ile mkononi mwake, na leo nimegundua kwamba nimeikumbuka kuliko nilivyodhani. Nataka kumwona nayo tena. Basi, hilo tu.

Nimekata shauri. Jumamosi ya tarehe 18 tunatimiza miaka thelathini na mitano tangu siku ile ya ngazi. Pete itaundwa upya! Almasi ileile, umbo jipya, kipimo cha kidole cha leo. Na kwa siri. Mke wangu hapendi kushtukizwa, tangu nilipompakia rangi chumba chake cha kushonea akiwa safarini, pamoja na vitambaa vya wateja. Lakini ile ilikuwa rangi. Hii ni dhahabu.

Jumapili, tarehe 5 Mei

Mke wangu katoka kupeleka magauni kwa mteja. Nikaingia kabatini. Nimeikuta pete ndani ya kopo la vifungo, imefungwa katika kipande cha kitambaa cha njano. Kitambaa cha gauni lile! Sikujua kwamba alikitunza. Nimekaa kitandani nacho kitambo, nikakinusa, nikapiga chafya.

Kisha akili ikanirudia. Nikachukua pete, nikafunga mahali pake kifungo kimoja cha koti, ili kitambaa kikibonyezwa kisionekane kitupu. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nilipima ardhi miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mpima ardhi hufikiria mbele.

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Siku ya vipimo.

Kipimo cha kwanza: alipojinyoosha kupumzika saa nane mchana, joto kali, nikamzungushia uzi kidoleni. Akafumbua macho! Nikamwambia ni sisimizi. Akaruka, akatoa mashuka yote, akayafua, akamwaga dawa chumba kizima. Nimeshinda mchana kutwa naanika mashuka. Lakini uzi ninao.

Kipimo cha pili: kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni akishona ili sindano isimchome. Nakiri kwamba hukivaa kidole cha kati. Vidole ni ndugu.

Kipimo cha tatu: kidole changu mwenyewe, kile kidogo cha mwisho. Zamani zile za uchumba tulikuwa tukikaa ukutani mbele ya kwao tukilinganisha vidole, na kidole changu cha mwisho kilikuwa sawasawa na chake cha pete. Alikuwa akisema hiyo ni dalili. Dalili ya nini hakuwahi kusema, na mimi sikuwahi kuuliza, kwa kuwa baba yake alikuwa akikohoa dirishani.

Vipimo vitatu, nikachukua wastani. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Kipimo kimoja huweza kudanganya, vitatu haviwezi kula njama.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Kwa sonara. Duka jembamba, limebanwa kati ya mchonga funguo na mshona viatu. Sonara ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja juu ya nywele. Anafanya kazi akiwa na ngozi iliyotandazwa mapajani ili vumbi la dhahabu lisipotee. Mtu makini. Nikajua tutaelewana.

Nikamkunjulia mchoro wangu. Ramani safi! Pete kutoka juu, pete kutoka ubavuni, kipimo cha mchoro pembeni, almasi katikati ya vijiwe vinne vidogo vya pembeni kama nguzo za mpaka, na mshale wa kaskazini. Akautazama mshale muda mrefu. Akauliza kama mama atakuwa akielekeza kidole kaskazini wakati wote. Nikamwambia hakuna mchoro wa heshima usiokuwa na kaskazini. Akasema basi atauchonga na mshale, yeye ni fundi tu.

Akauliza kidole nimekipima saa ngapi. Nikamwambia mchana. Akasema kidole huvimba kwenye joto, hupimwa asubuhi, tena atanikopesha shada la vipete vyake vya kupimia. Nikamjibu kwamba ardhi haivimbi mchana. Akasema hakuzungumzia ardhi. Lakini mpima hakopeshwi kipimo! Nikakataa kwa upole.

Halafu akaweka pete chini ya kioo chake cha kukuzia. Akasema almasi ni ya kweli, ndogo lakini safi, ila imemeguka kidogo ukingoni. Nikashtuka. Nilimnunulia jiwe zima! Nikamwagiza alifiche pengo hilo chini ya dhahabu lisionekane kamwe. Pia kikucha kimoja kati ya vile vinavyoshika jiwe kimepinda, na upande wa ndani pana mkwaruzo mrefu. Pete imechakaa vibaya. Nikamwambia achomoe almasi tu. Hiyo dhahabu kuukuu aichukue, afanye atakavyo, sitaki hata kuiona.

Akauliza kama mke wangu anajua. Akauliza mara mbili. Nikamlisha kiapo kwamba hatamwambia mtu yeyote, hata mama yake mzazi. Akaapa, huku akipumua kwa nguvu.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mambo hayako sawa nyumbani.

Jana mke wangu alikuwa akitafuta vifungo vya koti la mteja. Nikamsikia kabatini. Kisha kopo zima la vifungo likamwagwa sakafuni. Nilipochungulia alikuwa amepiga magoti, akinitazama kama mtu aliyeshikwa ugoni. Nikamwuliza kuna nini. Akasema anapanga vifungo kwa rangi.

Leo tangu asubuhi wateja wanarudisha makoti. Makoti tu! Amewaambia kuna kasoro ya mshono ataitengeneza bure. Nimehesabu makoti matano, na yote anayafumua: pindo, makwapa, mifuko, kila mahali. Biashara inaendelea vizuri ajabu, lakini macho yake mekundu. Anasema ni vumbi la pamba.

Jioni shemeji akaja. Wakaketi barazani wakinong'ona. Nilipotokea na chai wakanyamaza wote wawili. Kisha shemeji akanipigapiga begani na kuniambia nijitunze. Kunipigapiga begani! Miaka thelathini na mitano hajawahi kunigusa ila siku ya harusi, na siku ile alikuwa akinisukuma nisikanyage shela.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimetafakari na nimejua. Shemeji anataka kumnunulia dada yake pete kubwa. Anataka kumvisha mbele yangu, siku yangu, ili punje yangu ya chumvi isahaulike milele.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Ushahidi! Mke wangu alisema anakwenda kwa mteja, koti tena. Mimi nikashika njia ya kwa sonara kuangalia maendeleo. Nani kaegesha gari lake la vigae mtaa uleule? Shemeji! Amekaa kwenye usukani, anakula karanga, anatazama mlango wa duka. Nikajibanza nyuma ya kibanda cha mchonga funguo nikijifanya nachagua kufuli. Nimejifanya muda mrefu hadi nikalazimika kununua kufuli. Nilipogeuka, gari limeshaondoka.

Nikaingia dukani mbiombio. Mezani kwa sonara kulikuwa na karatasi ya kahawia, ile wanayotumia mafundi cherehani kukatia mitindo, na juu yake pete imechorwa kwa chaki. Pete gani ile! Nyembamba, kikucha kimoja kimepinda kulia, jiwe lina pengo ukingoni, hata pembe ya pengo imechorwa. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia sonara kuna watu wana mapenzi ya ajabu, nani atalipia fundi amtengenezee takataka kwa makusudi?

Sonara akavua miwani ya machoni, akashusha ile ya kichwani, akanitazama. Akauliza kama kweli sijawahi kuiona pete ya namna ile. Nikamwambia Mungu aniepushe. Akaniomba nimfungue kiapo, neno moja tu. Nikakataa katakata. Nikamwuliza shemeji kaagiza nini. Akasema hapa amekula viapo vya wateja wawili hadi vimemfika shingoni, na iwapo nitamwongezea cha tatu atafunga duka akalime.

Basi nimemharakisha. Pete iwe tayari Jumatano. Akasema angalau nilete kipimo cha asubuhi. Hakuna wakati! Adui yuko mlangoni.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Makoti yamefika kumi na moja. Mengine hayakushonwa hata na yeye. Nimemkuta anapapasa koti langu la kazini, lile lililoning'inia nyuma ya mlango tangu nistaafu. Nikamwuliza anatafuta nini. Akaliegemea, akasema bado lina harufu ya vumbi la barabarani.

Ilikuwa kweli. Nami nikalinusa. Zamani nikitoka kupima, wiki tatu, wiki nne porini na mnyororo na vigingi, nilikuwa nikimkuta mlangoni kabla sijabisha. Sijui alikuwa akijuaje. Nilitaka kumwambia jambo, nikakumbuka kuwa nina siri, nikaenda kupalilia maua.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Nimeichukua! Ni nzuri mno. Pana, imara, kingo nne, nguzo nne, almasi katikati, safi, pengo halionekani. Mshale mdogo wa kaskazini uko ubavuni. Nimeijaribu kidole changu cha mwisho: inaingia kama mlango na fremu yake. Sonara akanipa ushauri ambao sikuuomba, kwamba nizungumze na mke wangu kabla ya Jumamosi. Nikamjibu kwamba ushauri ni wa wasiokuwa na mpango.

Alasiri, mke wangu akipinda suruali ya mteja nami nikimshikia pini mdomoni, akaniuliza ghafla kama naikumbuka pete yetu. Nusura nimeze pini! Nikamwambia nakumbuka kila kitu. Ngazi za posta, mvua, gauni la njano, mwanamke aliyekuwa na kikapu cha vitunguu akatupigia makofi. Akasema hapana, pete yenyewe. Ilikuwaje?

Nikafikiri. Nikasema ilikuwa ya mviringo.

Akanitazama kidogo, kisha akarudi kwenye cherehani. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Siku yenyewe.

Mchana tulikuwa wanne mezani: sisi wawili, shemeji na mkewe mwenye kitasa. Pete yangu mfukoni. Hotuba nimeikariri. Nikasimama, nikakohoa, nikamtazama mke wangu, naye akaweka mkono wa kushoto juu ya meza, taratibu, kama mtu anayeweka karata.

Kidoleni pete yetu ya zamani!

Kikucha kimepinda. Pengo la jiwe. Kila kitu. Na almasi yenyewe iko mfukoni mwangu! Hotuba ikanipotea. Nikapiga kelele kwamba ile ni ya bandia.

Mke wangu akabadilika rangi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umejuaje?"

Kisha akalia. Sijamwona akilia hivyo tangu msiba wa mama yake. Akasema ameipoteza. Akasema alifungua kitambaa akakuta kifungo cha koti, akajua uzee umemwingia kichwani: kafunga kifungo akidhani ni pete, na pete kaishona ndani ya koti la mtu. Amefumua makoti kumi na moja. Amepekua takataka kwa mikono. Mwishowe kaka yake akampeleka kwa sonara, akachora pete kwa kumbukumbu, akaomba ifanyiwe nakala ya kioo ili mimi nisijue. Akasema hakulilia dhahabu. Alililia ile miezi kumi na mmoja niliyotembea kwa miguu. Alikuwa akiniona nikipita kwao viatu vimefunguka soli, na sasa kaitupa miezi ile yote ndani ya pindo la koti.

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilichofanya ni kutoa pete mpya mfukoni, kwa maelezo.

Shemeji ndiye aliyeelewa kwanza. Akauliza polepole nani alikifunga kile kifungo. Nikasema ni mimi, ili kitambaa kisionekane kitupu. Shemeji alicheka mpaka akateleza kitini. Mkewe pia. Mke wangu hakucheka. Aliichukua pete yangu, akaitazama juu, chini, ubavuni. Akauliza mshale ni wa nini. Nikasema kaskazini.

Akauliza pengo liko wapi. Nikasema, kwa fahari kidogo, nimelificha.

Ndipo akanieleza, bila kunigombeza, na ingekuwa nafuu angegomba. Pengo lile lilitokea siku alipomzaa binti yetu, alipoking'ang'ania chuma cha kitanda. Mimi nilikuwa porini napima. Kikucha kilipinda siku niliporudi, kiliponasa kwenye sweta langu mlangoni, tukakaa dakika nzima hatuwezi kuachana, tukicheka, mtoto katikati yetu. Mambo yote hayo yalikuwa kidoleni mwake na mimi nilikuwa nakumbuka ngazi tu. Nilijisikia vibaya sana. Bado najisikia vibaya.

Akasema sonara yule si wa kawaida, maana amechora hata mkwaruzo wa ndani ambao yeye mwenyewe alisahau kuuonyesha.

Kisha, kwa huruma, akaijaribu pete yangu. Ikapita kidoleni, ikaanguka, ikabingirika hadi chini ya kabati. Inamtosha dole gumba.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Tumekwenda kwa sonara wote watatu, shemeji akiwa dereva na mtazamaji. Sonara alipotuona tumeongozana akaweka koleo chini na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Kumbe hakuna nakala! Nilimwambia afanye atakavyo na dhahabu kuukuu. Siku chache baadaye akaingia mwanamke na mchoro wa chaki wa pete iliyokuwa mezani kwake. Aliapa kwangu asimwambie mtu. Akaapa kwa mke wangu asimwambie mtu. Lakini hakuna kiapo, akasema, kinachomkataza fundi kumrudishia mtu mali yake. Akaipanua pete ileile, akatia kioo mahali pa almasi, akasubiri sisi wenyewe tufumbuke macho. Na kidole cha mke wangu alikipima asubuhi.

Mke wangu akakaa kwenye kigoda, akasubiri. Sonara akachomoa almasi kwenye kazi yangu, akairudisha kwenye pete yake ya zamani. Akauliza pengo lielekee wapi. Mke wangu akasema juu, palepale lilipokuwa, ili nami nilione.

Nilingoja auinue mkono juani pale mlangoni. Nilisimama mahali pazuri kabisa. Hakuuinua. Alikuwa anaongea na kaka yake habari za vigae vya bafuni. Tulipofika barabarani magari yalikuwa mengi, akanyoosha mkono wa kushoto juu, kiganja mbele, kuyasimamisha tuvuke. Na jua lilikuwepo. Nilisimama katikati ya barabara kama kigingi. Akanivuta kwa mkono huohuo, akaniuliza nataka kumwachia ujane siku ya leo. Nina miaka sitini na minne na nilivuka barabara nikitazama kidole, si magari.

Pete yangu tupu ya mshale kaiomba shemeji. Ameitia kigae kidogo cha buluu pale katikati na kuivaa. Anasema walau sasa anajua kaskazini. Sitaki kusema uongo: imempendeza.

Jioni mke wangu akanilisha kiapo mbele ya kaka yake. Nisitoe tena kitu chake chochote nje ya nyumba hii bila kumwuliza. Nikaapa, mkono juu. Nikamwambia nimejifunza. Na nimejifunza kweli! Vitu vya zamani viachwe kama vilivyo.

Jumatano, tarehe 22 Mei

Mke wangu kaenda kurudisha makoti. Nilikuwa natafuta kalamu kwenye droo yake, nikakuta bahasha. Barua zangu za uchumba! Zote ishirini na mbili, zimefungwa kwa utepe. Nimezisoma zote, nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Nilikuwa nampenda vibaya mno yule binti.

Lakini mwandiko! Nilikuwa naandikia gotini, vibarazani mwa watu, taa ya mkononi ikipepesuka. Wino umevuja. Ukurasa mmoja una alama ya kikombe. Mwingine una doa la duara ambapo wino umetawanyika, kama limeangukiwa na tone la maji, sijui nani aliyekuwa mzembe. Katika barua ya tatu namwambia chumba changu kinavuja sehemu mbili, na kitanda atakuta nimekiweka kwenye ile sehemu ya tatu. Hivi ndivyo mtu anavyoomba mke?

Wazo limenijia. Nimelichunguza kutoka kila upande na halina kasoro. Nimeapa kutotoa kitu chake nje ya nyumba, na hizi hazitatoka hata mlangoni. Isitoshe si zake hasa, niliziandika mimi. Nitazinakili upya, maneno yaleyale ya moyoni, karatasi nzito nyeupe, wino mweusi, mistari iliyonyooka kwa rula. Nimeshamaliza nne. Ile ya tatu nimeliziba paa kwa sentensi moja tu, na nimeongeza dirisha.

Zile za zamani nimezitia kwenye ndoo ya maji ili wino ulainike zisisomeke. Atafurahi mpaka alie.